Mtoro wa Saa Moja na Nusu

Barua iliyoniita mtoro ilishushwa na basi la Lindi jioni, na asubuhi yake aliyeifungua, akaigonga muhuri na kuitafutia jalada alikuwa mimi mwenyewe huyo mtoro. Ilikuwa saa mbili kasorobo. Ofisi nzima tulikuwa watu wawili, mimi na mlinzi.

"Kati ya siku sitini na tano za kazi," barua ilisema, "Bi Mwanasiti Mshamu ameonekana ofisini siku nne tu."

Lahaula! Nikaisoma tena, nikidhani labda yuko Mwanasiti Mshamu mwingine, wa Nyamwage huko. Wapi! Ni mimi, mhazili wa mradi wa mikoko, ofisi ya Kibiti, mwaka wa saba kazini. Siku nne zenyewe walizitaja kwa tarehe. Nikateremsha kalenda ukutani nikazitafuta moja moja. Ya kwanza nilikuwa na malaria, nikaja saa sita nikitetemeka. Ya pili tulizika, nikafika saa tano na vumbi la makaburini miguuni. Ya tatu na ya nne nilimpeleka mama hospitali. Yaani siku nilizochelewa ndizo nilizoonekana. Siku sitini na moja nilizowahi, sikuwepo.

Aya ya pili ndiyo iliyonikalisha kitako. Ilisema kwamba kwa hali ya sasa ofisi ya Kibiti, yenye watumishi watatu chini ya mkuu wa ofisi, itabaki na wawili. Mwisho wa mwezi atakuja mtu wa makao makuu, ataangalia mahudhurio, na mmoja atapunguzwa.

Msomaji, usinione mwepesi wa roho. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa au kinapunguzwa. Viwanda Dar vimefungwa, wenye vyeti vyao wanatembeza mitumba. Mume wangu alikwisha niacha kwa kisa kwamba naipenda kazi kuliko nyumba yake, na kusema kweli hakukosea sana. Kazi ikinitoka, kwangu imebaki njia moja: kurudi Chumbi kwa kaka yangu, kukaa dunguni kuamia ndege kwenye mpunga wa mke wake. Mke wa kaka yangu namjua. Ndege wangepata huruma kwake kabla yangu.

Sasa nieleze hayo mahudhurio. Zamani tulikuwa na daftari mlangoni, unaandika jina na saa, unatia sahihi. Mwenzetu Fikirini, afisa misitu, kijana mtanashati wa kunukia, alikuwa anatia sahihi za wiki nzima siku ya Jumatatu ili asisumbuke. Mkuu wetu akakasirika. Alipoletewa kompyuta za kuunganishwa kwa mtandao aliandika barua Dar, niliichapa mwenyewe, akapendekeza daftari lifutwe. Kila anayewasha kompyuta yake asubuhi na kuingiza jina na neno la siri, mashine kubwa iitwayo sava ingeandika saa yake. "Kompyuta haidanganyi," aliandika, akaniambia niweke mstari chini ya maneno hayo. Nikauweka.

Mkuu huyo ni Mzee Haidari. Kwa kazi ni bosi wangu, kwa damu ni mjomba wangu, mtoto wa mama mdogo wa mama yangu. Ndiye aliyenitia kwenye kazi hii. Jambo hilo alilitaja si mara nyingi sana, kama mara mbili kwa wiki.

Alifika saa nne na dakika kumi, kama kawaida yake. Mjomba alikuwa na mashine ya kukoboa mpunga. Ruksa ilipotoka kwamba mtumishi naye anaweza kuwa na mradi wake, yeye hakungoja kuambiwa mara mbili, na asubuhi lazima asimame pale mpaka magunia yaanze kutoka. Akifika ofisini anafungua chumba chake, anaondoa kitambaa cha kufuma alichoifunikia sava, anaiwasha, anakaa. Saa tisa anaizima, anaifunika, anafunga, ufunguo mfukoni. Mafundi waliokuja kuiweka walisema isizimwe. Mjomba alisema kitu cha thamani hakiachwi kinahema peke yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso huo?"

Nikampa barua. Akaisoma na miwani, akaisoma bila miwani.

"Haya makubwa," akasema. "Lakini mimi nikifika si nakukuta?"

"Basi ndiyo uwaandikie hivyo hivyo, mjomba. Kwamba kila siku ukifika unanikuta."

Akachukua kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika "Yahusu". Kisha akaniangalia.

"Niandike nikifika saa ngapi?"

Tukatazamana. Mwishowe akafunga kalamu, akasema kompyuta yangu imezeeka, ataomba fundi. Nikatoka nje nina hasira ya kuuma ukuta. Lakini ungefanya nini? Mjomba ni mjomba. Kumwambia mtu mzima mbele ya uso wake kwamba anachelewa kazini, kwetu ni muhali. Funika kombe mwanaharamu apite.

Fundi alikuja baada ya siku tatu, na alikuwa msichana. Jina lake Zuhra, amevaa suruali na ushungi, ana begi la waya. Basi lake liliharibika njiani, akafika saa saba, mjomba yuko kitini na sava inanguruma. Akakaa kwenye kompyuta yangu ile kuukuu, iliyotoka Dar baada ya kila mtu huko kuikataa. Akabonyeza bonyeza, akacheka.

"Dada Mwanasiti, wewe unafanya kazi Ikwiriri."

"Ikwiriri! Mara ya mwisho kwenda Ikwiriri nilikwenda kwenye ngoma."

"Kwa kompyuta upo Ikwiriri. Njoo uone."

Akanieleza taratibu, na nampa haki yake, alieleza akaeleweka. Mradi una sava mbili, moja Kibiti na moja ofisi ya Ikwiriri, na zinaonana kwa mnara wa redio. Kompyuta mpya, kama ya Fikirini, zimefundishwa kwao ni wapi, zinatafuta kwanza sava ya karibu. Ya kwangu ni ya kizamani. Ikiwashwa inasimama katikati ya njia na kupiga hodi kwa sauti, na yeyote atakayeitika wa kwanza ndiye mwenyeji wake. Ikwiriri ikiitika kabla ya Kibiti, basi jina langu na saa yangu vinaandikwa Ikwiriri. Makao makuu nao, kwa watu wa Kibiti, wanasoma daftari la Kibiti tu.

"Ajabu yangu moja," Zuhra akasema. "Sava ya Kibiti iko chumba cha pili, ya Ikwiriri iko mbali huko. Siku moja moja ingeshindwa kuitika, sawa. Lakini siku sitini na moja? Mzee, hii sava haizimwi?"

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. "Muda wote wa kazi inawaka," akasema.

Na ni kweli. Inategemea kazi umeihesabu tangu saa ngapi.

Zuhra akanigeukia mimi. Hapo ndipo ningesema. Maneno yalifika kooni kabisa. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Basi akatibu alichokiona. Akaandika jina la sava ya Kibiti ndani ya faili fulani, akaifungia kompyuta yangu njia ya Ikwiriri. "Kuanzia leo itaitikiwa na Kibiti tu," akasema. "Ikwiriri haiendi ng'o." Nikamfungia maandazi ya njiani kwa furaha.

Kesho yake nimefika saa moja na nusu, nimevaa gauni la Idi. Nikawasha. Nikaingiza jina, nikaingiza neno la siri. Kompyuta ikafikiri, ikaniambia sava haikupatikana, jaribu tena. Nikajaribu. Saa mbili nikajaribu. Saa tatu nikajaribu, hata gauni la Idi likaanza kunibana. Saa nne na dakika kumi na mbili mjomba alibonyeza kidude chake kule ndani, nami nikaruhusiwa kuingia kazini ambako nilikuwa nimekaa tangu asubuhi.

Ikawa hivyo siku zote zilizofuata. Nikatoka kwenye utoro nikapandishwa cheo, nikawa mchelewaji. Kila siku daftari la sava liliandika: Mwanasiti, saa nne na dakika kumi. Mwanasiti, saa nne na robo. Fikirini alikuwa anaingia saa nne na nusu, akanitania kwamba nimefuata nyayo zake, nimebakiza kununua marashi. Nikamtusi tusi la Kindengereko ambalo hapa siliandiki.

Aliyekuwa ananiona tangu asubuhi ni Seleman, mlinzi wetu. Huyu ni mtu wa delta, wa Mbwera huko, mrefu mkimya, mikono imekomaa kwa shoka. Kwao walikuwa wakata mikoko, kazi ya boriti tangu baba na babu. Mradi ulipokuja kuzuia mikoko isikatwe ukamwajiri yeye ili akae mbali nayo. Saa moja kamili anawasha jenereta, anafagia uwanja, ananifungulia geti, ananichemshia chai. Siku ya nne ya mateso yangu alinikuta nimeinamia meza nalia. Ndiyo, nililia. Nilikuwa nimekwisha ona dungu la Chumbi.

"Dada," akasema, "shida yako si ile mashine ya chumbani?"

"Ndiyo hiyo kaka."

"Ufunguo wa pili ninao mimi." Akautoa kwenye mkebe wa majani ya chai. "Waliofunga mashine ndio walionipa, wakasema mlinzi lazima awe nao, isije ikashika moto. Nifungue, ubonyeze, nifunge. Mzee akija ataikuta inawaka, atadhani alisahau kuizima."

Niliutazama ule ufunguo. Mdogo, una kutu kidogo. Ulikuwa unatosha kunitoa kwenye matatizo yote kwa dakika moja. Unajua nilimwambia nini?

"Astaghafirullah, Seleman! Chumba cha mkubwa kinaingiwa mwenyewe hayupo? Na karatasi ikipotea humo ndani? Itasemwa mpwa wake na mlinzi wanafungua milango asubuhi watu hawapo. Rudisha huko huko. Na usimfungulie mtu, hata mimi nikikuomba."

"Basi dada," akasema. Akaurudisha kwenye majani ya chai.

Jioni nilimwendea mjomba mwenyewe, kwa adabu zote, nikamuuliza kama sava haiwezi kuwashwa mapema kidogo. Akasema ile mashine ni amana, yeye ndiye aliyeitilia sahihi, na amana haichezewi. Kisha akaniuliza hali ya mama.

Mwisho wa mwezi akaja Bi Rukaya wa makao makuu, mama wa makamo, miwani ya kamba, jalada kifuani. Zuhra alikuja naye. Siku hiyo nilifika saa moja na dakika ishirini nikamkuta mjomba yuko kitini, koti limepigwa pasi, sava inanguruma. Mashine ya mpunga sijui nani aliisimamia. Fikirini naye alikuwapo, ananukia kupita siku zote.

Tukakaa watu watano chumbani kwa mjomba. Bi Rukaya akafungua jalada. Kwa Fikirini hakuwa na neno, kwa sababu kila siku alionekana, na makao makuu walikuwa wanatafuta watoro kabla ya wachelewaji. Akafika kwangu.

"Miezi mitatu, siku nne. Baada ya fundi kuja, kila siku saa nne na dakika zake. Bi Mwanasiti, asiyekuwapo na lake halipo. Una la kusema?"

Kabla sijajibu Zuhra akaweka karatasi mezani. "Mama, mimi ninalo. Hili ni daftari la sava ya Ikwiriri. Siku zote sitini na moja jina lake lipo. Saa moja na dakika thelathini na moja. Saa moja na dakika ishirini na nane. Hakuna siku imefika saa mbili."

Bi Rukaya akasoma. "Kwa hiyo huyu ni mtumishi wa Ikwiriri?"

"Hapana, mama. Alikuwa amekaa hapa hapa. Kompyuta yake ilipiga hodi Kibiti ikakosa wa kuitika. Na nilipoifungia Ikwiriri, ikabidi ingoje mpaka saa nne. Maana yake ni moja: saa za asubuhi sava hii huwa imezimwa."

Sava peke yake ndiyo iliyosema, vuuu.

"Mzee Haidari," akasema Bi Rukaya, "hii huwashwa saa ngapi?"

"Mapema," akajibu mjomba.

"Bi Mwanasiti, huwashwa saa ngapi?"

Mjomba hakunitazama. Alikuwa ananyoosha kile kitambaa cha kufuma juu ya goti lake, pembe kwa pembe. Nikaona nywele zake nyeupe. Nikamkumbuka mama akiniambia, usije ukanitia aibu mbele ya ndugu zangu.

"Sikumbuki vizuri," nikasema. Kazi yangu nikaiona inaondoka kwa miguu yake.

Seleman alikuwa anaingiza chai. Akaweka birika chini.

"Saa nne," akasema. "Mzee hufika saa nne na ushei, ndipo huwashwa. Dada huyu hufika saa moja na nusu. Geti nafungua mimi, siku zote. Mwenyezi Mungu shahidi wangu."

Hakusema kwa kelele. Alisema kama mtu anayetaja bei ya samaki. Nami moyo ukanipasuka kwa furaha, wallahi, sitaficha. Nikawaza, nimepona.

Kalamu ya Bi Rukaya ilikuwa imesimama hewani. Mjomba alikuwa mkuu wa ofisi, daraja lake haliguswi mpaka Dar wakae vikao vitatu, na wafadhili wanakuja mwezi ujao. Nilimwona akitafuta pa kuiteremshia kalamu.

"Wewe ni mlinzi. Umejuaje kilichomo ndani ya chumba kilichofungwa?"

"Nasikia ikianza kunguruma, mama. Na ufunguo wa pili ninao."

"Unao? Tangu lini?"

"Tangu mashine ilipokuja."

"Nilimwachia mimi," mjomba akadakia, upesi kuliko nilivyowahi kumwona akifanya lolote. "Nilimwachia makusudi, ili nikipata dharura yeye awashe."

Ala! Nikamgeukia. Hakunitazama.

"Na hukuwahi kuwasha hata siku moja?" akauliza Bi Rukaya.

Seleman akanitazama mimi. Hakuwa ananishitaki. Alikuwa ananingojea tu, kama anavyoningojea getini. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: alitaka kufungua, nikamkataza mimi. Mdomo wangu, huu unaomtukana Fikirini mchana kutwa, ukafungwa. Nikatazama kikombe changu.

"Sikuwahi, mama," akasema.

Basi kalamu ikateremka. Aliyekabidhiwa ufunguo akashindwa kuutumia, akasababisha usumbufu katika mfumo wa mahudhurio wa mradi. Mtumishi wa kupunguzwa akapatikana kabla chai haijapoa. Bi Rukaya akanipa mkono, akanipongeza kwa kuwahi, akasema ufunguo wa pili sasa utakaa kwangu na kila asubuhi nitaiwasha sava mimi. Mjomba akasema ni wazo zuri sana.

Barua ya Seleman niliichapa mimi, nakala tatu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja bila kuisoma. Nikataka kusema mengi, yakatoka haya tu, "Kaka, unisamehe."

"Wewe una mama mgonjwa," akasema. "Mimi shoka langu lipo Mbwera." Kisha akanionyesha jinsi ya kuwasha jenereta, maana hiyo nayo sasa ilikuwa kazi yangu: vuta mara mbili polepole, ya tatu kwa nguvu.

Naifanya mpaka leo. Saa moja kamili natia jenereta moto, nafungua geti, nafungua chumba cha mkubwa, nabonyeza. Mjomba anafika saa nne, anakuta kila kitu kinawaka, anaridhika. Wiki ile ya kwanza Zuhra alinipigia simu kutoka Dar, sauti imechangamka.

"Dada, hongera, nakuona saa moja na robo kila siku! Sasa nisaidie jambo moja. Nasafisha orodha ya watumiaji wa sava ya Kibiti. Huyo mliyempunguza, nifute jina gani?"

Nikafungua orodha kwenye kioo. Mlikuwa na mjomba, Fikirini na mimi.

"Hamna la kufuta," nikamwambia.

"Ah, basi vizuri," akasema Zuhra. "Kwa hiyo mko kamili."